Nipe Mji: Kidokezo, Kitendawili na Jina la Mahali katika Matini za Kusaka Hazina, kwa Mtazamo wa Katavi

Ikisiri

Vitabu vinavyoandamana na vipindi vya televisheni vya kusaka hazina havijapewa nafasi katika uhakiki wa Kiswahili, ingawa kiini chake, yaani maneno machache yanayoficha jina la mahali, ni jambo ambalo fasihi simulizi ya Kiswahili inalifahamu vizuri. Makala haya yanalinganisha kidokezo cha vipindi hivyo na kitendawili, na kuutumia mkoa wa Katavi, hasa Mpanda na eneo la Ziwa Katavi, kama mahali pa kujaribia ulinganisho huo. Inadaiwa kwamba tofauti kubwa ya tanzu hizi mbili haimo katika ugumu wa fumbo bali katika kazi ya jina la mahali: katika kidokezo mji ni jibu, na katika kitendawili mji ni malipo ya aliyeshindwa kujibu. Tofauti hiyo inagusa moja kwa moja namna mahali penye uhai, na hata penye heshima ya mizimu, panavyoandikwa.

1.0 Kitabu kilichoachwa na helikopta

Mchezo wenyewe ulianza Ufaransa. Kati ya mwaka 1981 na 1984 kituo cha Antenne 2 kilirusha kipindi cha La Chasse aux trésors, kilichobuniwa na Jacques Antoine. Washindani walikaa studio wakiwa na ramani na vitabu. Philippe de Dieuleveult, akiwa maelfu ya kilomita kutoka kwao, alirukaruka kutoka kwenye helikopta na kukimbia mahali walipomwelekeza kwa redio. Uingereza ilikichukua kipindi hicho mwishoni mwa mwaka 1982 kwa jina la Treasure Hunt, kikaonyeshwa na Channel 4 hadi mwaka 1989, Anneka Rice akiwa mkimbiaji kwa miaka mingi na Kenneth Kendall akiwa msimamizi wa studio. Sharti moja la toleo la Uingereza linastahili kukumbukwa na mhakiki: washindani hawakuiona picha ya mkimbiaji. Walimsikia tu. Mtazamaji wa nyumbani aliona kila kitu, ilhali waliotakiwa kujua mahali walikuwa vipofu wenye maktaba.

Kipindi cha namna hii kikigeuzwa kitabu hupoteza vitu viwili vilivyokuwa vikikibeba, yaani saa na mwendo. Katika televisheni, dakika 45 zinazoyoyoma zinaweza kukificha kidokezo kibovu, kwa kuwa mtazamaji ameshughulishwa na pumzi ya anayekimbia. Katika kitabu hakuna anayekimbia. Yanabaki maneno ya kidokezo, ramani na ukurasa wa majibu, na msomaji ana usiku kucha wa kuyapima. Ndipo kidokezo kinapolazimika kusimama kama utungo, na ndipo kinapoweza kuhakikiwa kama utungo.

Msamiati wa Kiswahili nao unadai ufafanuzi. Neno *hazina* lina mzigo wa ziada ambao wenzake wa Kiingereza na Kifaransa hawana: kwa Mtanzania, Hazina yenye herufi kubwa ni ofisi ya Serikali inayotunza fedha za umma. Mali iliyofukiwa ardhini ina jina lake mahususi, *dafina*, neno ambalo sasa linasikika zaidi vitabuni kuliko mitaani. Frederick Johnson alipotafsiri riwaya ya Stevenson mwaka 1929 aliiita *Kisiwa chenye Hazina*, na tangu hapo hazina ndiyo iliyoshinda. Ushindi huo una hasara. Dafina ni kitu kilichofichwa na mtu fulani kwa sababu fulani, na neno lenyewe linamkumbusha msikilizaji kwamba aliyeficha alikuwapo. Hazina haina kumbukumbu hiyo. Inaweza kuwa mali ya yeyote atakayeifikia.

2.0 Mji kama jibu, mji kama malipo

Mtegaji wa kitendawili husema, "Kitendawili!" na wasikilizaji huitikia, "Tega!" Akishatega, nao wakishindwa, hudai: "Nipe mji." Anayeshindwa hutaja mji. Mtegaji anaweza kuukataa akidai mji mkubwa zaidi. Akiukubali hueleza kwamba amekwenda huko, amekula hiki na kile, amepokewa hivi na vile, na hapo ndipo hutoa jibu. Mara nyingi sehemu hii imeelezwa na wahakiki kama pambo la utendaji, kitu cha kuchangamsha baraza. Ikilinganishwa na kidokezo cha televisheni inaonekana kuwa zaidi ya pambo.

Katika kidokezo, jina la mahali limefichwa na msakaji analitafuta. Akilipata, mahali pamekwisha kazi. Helikopta inanyanyuka kwenda penginepo. Katika kitendawili jibu huwa ni kitu cha nyumbani kabisa: yai, moshi, kivuli, macho. Jina la mahali halifichwi hata kidogo. Linatajwa wazi, kwa sauti, na mtu anayekiri kwamba hajui. Kutojua ndiko kunakoutoa mji. Aidha, mji unapotolewa mtegaji hauruki. Anawajibika kuuingia na kusimulia, japo kwa mzaha, alichokikuta.

Huenda ikapingwa kwamba miji hiyo ni majina matupu, na kwamba mtoto anayetoa Mombasa au Dar es Salaam hajawahi kufika huko. Pingamizi hilo ni la kweli na halidhuru hoja. Washindani wa studio nao hawajafika. Wanachotofautiana ni namna ya kukiri: mtoto wa barazani anatoa mji asioujua na kumkubali mwenzake aende kuusimulia, ilhali mshindani wa studio anafungua kitabu ili asionekane kuwa hajui. Na hapa kuna jambo dogo ambalo wasomaji kutoka mikoa ya magharibi watalitambua bila kuambiwa: katika mchezo wa "nipe mji", miji ya bara iliyo mbali na reli kuu huwa miongoni mwa inayokataliwa. Mtegaji anataka mji wenye kuliwa vitu. Anayetoa Mpanda huombwa aongeze.

3.0 Rafu ya studio

Kama kipindi kingewekwa Katavi, washindani wangehitaji rafu ya vitabu, na rafu hiyo ndiyo ingeamua ni mahali gani panaweza kuwa jibu. Kidokezo hakiwezi kuuliza kisichoandikwa. Kwa hiyo swali la kwanza la mhakiki si kidokezo kinasema nini, bali rafu ina nini.

Karema ingepatikana bila taabu. Ngome ya Chama cha Kimataifa cha Afrika, chombo cha Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, ilianzishwa hapo kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1879, na mwaka 1885 ilikabidhiwa Mapadre Weupe, watu walioandika sana na kutunza walichoandika. Adrien Atiman, mtoto wa Afrika Magharibi aliyekombolewa utumwani, akafundishwa utabibu Malta na kuhudumu Karema tangu mwisho wa miaka ya 1880 hadi kifo chake mwaka 1956, amekwisha kuingia vitabuni. Mishamo ingepatikana kupitia utafiti wa Liisa Malkki kuhusu wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972, uliochapishwa mwaka 1995 kwa jina la *Purity and Exile*. Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974 na kupanuliwa mwaka 1998 hadi kufikia kilomita za mraba 4,471, ina vijitabu vya watalii. Mpanda mjini ingepatikana katika taarifa za jiolojia na za reli.

Katika orodha hiyo kila mahali pameingia kitabuni kwa sababu ya mgeni aliyehitaji kitu: kituo cha safari, roho za kuokoa, data, wanyama, madini. Hilo si shutuma. Ndivyo maktaba nyingi zilivyojengwa. Lakini matokeo yake kwa utanzu huu ni makubwa. Kitabu cha kusaka hazina hujidai kuwa kinamfundisha msomaji nchi, na kumbe kinamfundisha rafu. Vijiji vya Wakonongo na Wapimbwe ambavyo historia yake iko vinywani mwa wazee haviwezi kuwa jibu, si kwa kuwa havina sifa, bali kwa kuwa mshindani aliyeko studio hana pa kuvitafuta.

4.0 Risasi

Linalofuata ni jaribio la kiisimu: je, kidokezo kinaweza kutungwa kwa Kiswahili kuhusu Mpanda bila kuwa tafsiri ya mbinu za Kiingereza? Kidokezo cha Treasure Hunt kilitegemea sana neno lenye maana mbili, mbinu ya mafumbo ya magazeti ya Uingereza. Kiswahili kina utajiri wa namna hiyo, ila utajiri huo unafanya kazi tofauti.

Neno *risasi* ni mfano wa kutosha. Ni madini, na ni kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki. Mji wa Mpanda ulikua kwa sababu ya maana ya kwanza: kampuni ya Uruwira Minerals ilichimba huko risasi, pamoja na dhahabu, fedha na shaba, na ni kwa ajili ya mgodi huo kwamba baada ya Vita vya Pili vya Dunia ilijengwa reli ya tawi kutoka Kaliua, zaidi ya kilomita 200 katikati ya miombo. Kufikia uhuru mgodi ulikuwa umekwisha kufungwa. Reli ikabaki, na mji ukabaki. Maana ya pili inaelekea kusini, kwenye mbuga zilizokuwa na zingali na wawindaji, halali na haramu. Kidokezo kinachomtaka msakaji aende "risasi ilikolala" kingemgawa mshindani kati ya shimo la mgodi na mzoga wa tembo. Kwa Kiingereza fumbo hilo haliwezekani. Kwa Kiswahili halihitaji hata ufundi. Lugha imelitega yenyewe.

Jina la Mpanda nalo linavutia mchezo. Mpanda ni apandaye mlima, apandaye mbegu, apandaye treni. Na *panda* ni njia inapogawanyika. Mchezo wa maneno haudai asili ya jina, na mtunzi mwaminifu angeliweka hilo wazi, kwani majina ya mahali katika eneo hili ni ya lugha zilizokuwapo kabla Kiswahili hakijawa lugha ya mji. Kitabu cha kusaka hazina kina hatari ya kuyafanya majina yote yaonekane yamezaliwa na Kiswahili Sanifu, na msomaji wa Dodoma au Tanga akaondoka akiamini hivyo.

Hata hivyo jina linaloshinda yote kwa ugumu ni Katavi lenyewe. Ni jina la mzimu katika imani ya Wabende, ambako husikika pia kwa *b*, Katabi. Ni jina la ziwa la msimu. Ni jina la hifadhi. Na tangu mwaka 2012, ulipomegwa kutoka Rukwa, ni jina la mkoa. Mshindani anayepiga kelele redioni "Katavi!" amejibu nini? Rubani ana nchi nzima ya kutua. Maana nyingi za risasi zinaweza kutenganishwa kwa muktadha, kwa sababu hakuna uhusiano kati yake zaidi ya chuma. Maana za Katavi haziwezi kutenganishwa, kwa kuwa kila moja imetoka ndani ya iliyoitangulia: mkoa umechukua jina lililokwisha kuenea kwa hifadhi, hifadhi ina ziwa, ziwa lina mwenyewe. Hapa kidokezo kinashindwa na jina kwa sababu ambayo kitendawili kingeielewa: jina halielekezi mahali pamoja, linamwelekeza mtu kwa mwenye mahali.

5.0 Shimo tupu

Inafaa kurudi mwaka 1929, kwani mwaka huo ulileta kwa Kiswahili riwaya mbili za kusaka mali, *Kisiwa chenye Hazina* na *Mashimo ya Mfalme Sulemani*, iliyotokana na Rider Haggard. Zilisomwa na vizazi vya wanafunzi, nazo ndizo zilizoweka katika nathari ya Kiswahili kanuni za utanzu huu: ramani iliyochorwa na mtu aliyekwisha kufa, safari ya wageni, mali inayowangoja. Uteuzi wa neno *mashimo* kwa ajili ya migodi unasikika wa kale sasa, lakini ulikuwa sahihi kuliko ulivyokusudia. Leo wachimbaji wadogo wa dhahabu wilayani Mpanda huliita shimo lao *duara*, nao wanajua kwamba maduara mengi hayatoi kitu.

Jambo ambalo kanuni hizo zinalisahaulisha ni mwisho wa riwaya ya Stevenson. Ramani ya Kapteni Flint ni sahihi, vidokezo vyake vinafuatwa hatua kwa hatua, na wanaofika wanakuta shimo tupu. Ben Gunn, aliyeachwa kisiwani na kukaa huko, ameihamisha mali muda mrefu kabla. Mkazi ameishinda ramani. Vitabu vya michezo vilivyozaliwa na riwaya hii vimeirithi ramani na kumwacha Ben Gunn.

Historia ya karibu inamrudisha. Mwaka 1979 msanii Kit Williams alichapisha Uingereza kitabu cha picha, *Masquerade*, kilichoficha mahali alipofukia sungura wa dhahabu. Watu walichimba mashamba na viwanja vya wenzao nchi nzima. Sungura alipatikana mwaka 1982 katika bustani ya Ampthill, na miaka sita baadaye ilibainika kwamba mshindi hakuwa amelifumbua fumbo. Alipata fununu kupitia mtu aliyewahi kuwa karibu na mwandishi. Kashfa hiyo imeelezwa kila mara kama udanganyifu, na ni udanganyifu. Kwa mhakiki ni ushahidi vilevile: aliyejua watu alifika kabla ya waliojua kitabu.

Magharibi mwa Tanzania kuna utanzu wa kienyeji wa jambo hilihili, ambao haujaandikiwa kitabu na pengine ni bahati njema. Ni simulizi za mali ya Mjerumani: jiwe lenye alama, mti mkubwa, kaburi la zamani, na chini yake rupia. Simulizi hizi haziko hewani kabisa. Mwaka 1916, wakiwa wamezingirwa, Wajerumani walitengeneza Tabora, katika karakana ya reli, sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Mwaka huohuo waliizamisha kwa makusudi meli ya Graf von Goetzen katika Ziwa Tanganyika, mitambo ikiwa imepakwa grisi ili isiharibike. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena kazi kwa jina la Liemba, ikitia nanga hadi Karema. Hiyo ndiyo dafina moja ya Mjerumani iliyothibitika, na iliishia kubeba dagaa na abiria.

Simulizi za mali ya Mjerumani zina sifa ambayo kidokezo cha televisheni hakina. Karibu kila mara mchimbaji hushindwa, na kushindwa kwake kunaelezwa kwa kutaja kilichokosekana: hakuomba ruhusa, hakumwona mzee wa mahali, alichimba pake yake. Fumbo lipo, alama zipo, ila mwenyewe hakuulizwa. Msikilizaji anaondoka akiwa hana dhahabu, lakini anajua nani angeulizwa.

6.0 Mkwaju

Kati ya matini zote zinazohusu Katavi, inayokaribia zaidi kitabu cha kusaka hazina ni ile isiyojijua, yaani maelezo ya watalii kuhusu hifadhi. Maelezo hayo, katika matoleo yake mbalimbali, humwarifu mgeni kwamba mzimu wa Katabi, mwindaji wa kale, hukaa katika mkwaju karibu na Ziwa Katavi, na kwamba wenyeji wanaotafuta baraka huacha sadaka chini ya mti huo. Kwa upande wa umbo, hiki ni kidokezo kamili: mti mmoja, jina, alama ya karibu, na ahadi kwamba kuna kitu chini yake. Kinachokosekana ni saa tu.

Ila kitu kilichoko chini ya mkwaju kimewekwa ili kibaki. Utanzu wa kusaka hazina hauna sarufi ya jambo hilo. Kitenzi chake ni kuchukua. Kipindi hakiishi mpaka mkimbiaji aonekane akikishika alichokitafuta mbele ya kamera. Mahali ambapo mtu huja akiwa na kitu mkononi na kuondoka mikono mitupu hapawezi kuwa kituo cha mchezo bila kugeuzwa kinyume chake. Mwandishi wa maelezo ya watalii amelikwepa tatizo kwa kutumia nafsi ya tatu isiyo na uso, "wenyeji", watu wanaoacha sadaka wakati mgeni anatazama. Sentensi ina adabu, lakini imefanya kile ambacho kidokezo hufanya: imempa asiyejua njia ya kufika bila kumpa wa kumuuliza.

Je, ukurasa huo usiandikwe? Jibu la ndiyo lingekuwa rahisi mno, nalo lingeyarudisha maeneo ya Katavi kwenye hali ya kutokuwa na rafu kabisa, ambayo imelalamikiwa hapo juu. Mkoa wenye jina la mzimu hauwezi kuandikwa kwa Kiswahili pasipo mzimu huyo kutajwa. Kinachowezekana ni kuandika kwa umbo jingine, na Kiswahili tayari kinalo. Katika kitendawili, mahali panatajwa na anayekiri kushindwa, kisha mwenye jibu ndiye anayesimulia alikokwenda na alichopewa. Kitabu cha Kiswahili cha kusaka hazina kingeweza kumweka msomaji katika nafasi hiyo ya pili ya baraza. Kwenye ukurasa wa risasi atapewa ramani, tarehe za reli na shimo la mgodi, achimbue apendavyo, kwani hayo yalifichwa na kampuni na yamekwisha kufichuliwa. Kwenye ukurasa wa mkwaju hakutakuwa na ramani. Kutakuwa na fumbo, na chini ya fumbo nafasi iliyoachwa wazi yenye maneno mawili, "Nipe mji", ili msomaji aandike anakotoka yeye kabla ya kuambiwa lolote.